Mbona shamba la iliki lina ndege wengi kuliko msitu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, Usambara Mashariki. Tulihesabu ndege kwenye mashamba ya iliki yaliyoachiwa miti mikubwa, tukapata aina nyingi kuliko msituni. Kwa nini basi tunaambiwa iliki inawafukuza?

JIBU: Marahaba. Hesabu yenu huenda ni sahihi, ila jumla ya aina haitoshi; someni majina. Kama waliojaa ni shore, chozi, kwera na chiriku, hao wanaishi hata nyuma ya nyumba. Wanaotoweka ni wala wadudu wa chini msituni, kama Sheppardia sharpei, Modulatrix stictigula na Chamaetylas fuelleborni.

Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa lakini hufyeka vichaka na miche. Ukiwa mbali unaona msitu. Ukichutama, hakuna kichaka cha kuficha kiota, jua limefika chini, na majani yaliyooza, ambayo ndege hawa huyapekua kutafuta wadudu, yamebaki tabaka jembamba lililokauka. Chamaetylas hufuata misafara ya siafu na kudaka wadudu wanaoikimbia. Hapo huenda akapata wachache tu. Tena, miche ikishafyekwa, mti mkubwa ukianguka hakuna wa kushika nafasi yake. Mavuno ya iliki hushuka baada ya miaka kadhaa, kisha huingia mahindi na mihogo.

Ndege hawa pia huogopa kuvuka eneo la wazi. Utafiti wa mwanaikolojia William Newmark, ulioanza huko huko Usambara mwaka 1987 kwa kunasa ndege kwa nyavu, ulionyesha kuwa vipande vidogo vya msitu hupoteza aina za ndege wanaoishi chini msituni. Ndiyo maana wakulima wa iliki wa Derema, msitu ulioko huko Usambara Mashariki, walilipwa fidia ya mazao, msitu ule ubaki kiungo na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Sasa hesabu. Nashuku mliandika mlichokiona tu. Shambani ndege huonekana; msituni wengi husikika tu, kwa hiyo mchukueni mtu anayejua sauti. Wekeni vituo mita 200 au zaidi kati ya kimoja na kingine, vyote kwenye mwinuko unaokaribiana, maana aina hubadilika kadiri unavyopanda. Vya msituni viwe angalau mita 100 kutoka ukingoni, la sivyo mtahesabu ndege wa shambani. Tulieni dakika 2, kisha hesabuni dakika 10, ndani ya mita 25 tu. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, mwishie saa 3. Siku ya mvua au upepo ahirisheni.

Msilinganishe Julai na Desemba: msimu wa baridi baadhi ya ndege wa juu milimani hushuka mabondeni, na kituo cha chini kitaonekana kimetajirika ghafla.

Kwa iliki iliyopo tayari, acheni ukanda usiofyekwa kando ya kijito, na magogo yanayooza msiyaondoe.