Niliwahi kuahidi gemu nisiyokuwa nayo

Ndugu, umeuliza kama watengenezaji wa gemu wanaotangaza mambo tusiyoyaona siku gemu inapotoka ni waongo, au ni watu waliozidiwa na kazi. Nitakujibu kwa yaliyonikuta, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuahidi nikashindwa kutimiza.

Mimi na rafiki yangu tulikuwa tukitengeneza gemu ya bao la Kiswahili kwa ajili ya simu. Kuchora mashimo 32 na kuzigawa kete 64 hakukutuchukua muda. Kilichotutoa jasho ni kanuni zenyewe, nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji) yenye kete 6 mwanzoni, kete 22 za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, mkononi mwa kila mchezaji, lini mtu anaruhusiwa kutakata, yaani kugawa bila kula, na lini analazimika kula kete za mwenzake. Kabla hata hayo hayajakaa sawa, tulirekodi video ya dakika moja na kuandika chini yake kwamba watu watacheza mtandaoni, na kwamba asiye na mwenzake atapata mpinzani wa kompyuta mwenye uwezo wa mzee wa barazani. Katika video ile mpinzani anaonekana akila, akisita kidogo, kisha akinamua tena. Mpinzani huyo hakuwapo. Hatua zake zote tulikuwa tumeziandika mapema, moja baada ya nyingine, na kule kusita kulikuwa sekunde mbili tulizozipachika ili aonekane anafikiri.

Siku ile sikujiona mwongo hata kidogo. Nilidhani kwamba nilichokiigiza leo nitakitengeneza mwezi ujao. Nisichokijua ni kwamba mchezo wa mtandaoni haupachikwi juu ya gemu iliyokwisha kujengwa: sharti uamue ni simu ipi iaminike pale mbili zinapotofautiana, nini kifanyike mtandao ukikatika kete zikiwa bado zinagawanywa, na nani alipie seva, kompyuta ya kuwaunganisha wachezaji, kila mwezi. Tulipoanza kuyajibu maswali hayo tukajikuta tunaandika upya karibu nusu ya programu, na hatukuimaliza.

Ndiyo maana kisa cha No Man's Sky, gemu ya kusafiri kutoka sayari hadi sayari, nakitazama tofauti na wengi. Hello Games, kampuni ndogo ya Guildford nchini Uingereza, iliionyesha gemu hiyo kwa mara ya kwanza Desemba 2013, na baadaye ikatangaza idadi ya sayari ambayo ni 2 kwa kipeo cha 64, namba yenye tarakimu 20. Ukiisikia unasema hapa tunapigwa kamba, lakini ahadi hiyo ndiyo iliyotimia, kwa sababu sayari hazihifadhiwi popote. Kompyuta huzikokotoa upya kila mchezaji anapozikaribia. Iliyovunjika ni ile iliyoonekana ndogo. Sean Murray, kiongozi wa kampuni, aliulizwa katika mahojiano ya mwaka 2014 kama wachezaji wataweza kukutana, akakubali, huku akieleza kwamba ulimwengu ni mkubwa mno kiasi kwamba nafasi ya kukutana ni finyu. Gemu ilipotoka Agosti 2016, wachezaji wawili walipanga wakafika mahali pamoja, kila mmoja akasimama pale, na hakuna aliyemwona mwenzake. Nilipoisoma habari hiyo nilizikumbuka simu zetu mbili.

Kwa hiyo Murray simlaumu kwa jibu lile la mwaka 2014. Namlaumu kwa miezi ya mwisho, wakati ilipokuwa dhahiri ndani ya ofisi ni kipi kitakuwamo na kipi hakitakuwamo, naye hakutamka waziwazi. Mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilizipokea lawama na Novemba 2016 ikaamua kwamba ukurasa wa gemu hiyo kwenye Steam, duka la gemu mtandaoni, haukupotosha watu, uamuzi ambao haukumtuliza yeyote niliyemfahamu. Kampuni iliendelea kuijenga bila kudai pesa ya ziada, na Julai 2018 wachezaji hatimaye wakaweza kuonana na kucheza pamoja.

Gemu ya Cyberpunk 2077 siitii katika kapu hilo. CD Projekt Red ya Poland iliitoa Desemba 2020, na wahakiki walikuwa wamepewa mapema toleo la kompyuta peke yake, ilhali matoleo ya mashine za gemu za PlayStation 4 na Xbox One ya kawaida yalikuwa na hali mbaya kiasi kwamba Sony, mwenye PlayStation, iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni mwezi huohuo hadi Juni 2021. Hapo hatuzungumzii mpango uliogoma. Tunazungumzia hali ya leo ambayo mnunuzi hakuonyeshwa.

Nasi tuliwahi kufika karibu na hapo. Dada mmoja wa Tanga alikuwa akiniandikia kila Ijumaa: "Kaka, mtandaoni lini?" Nami nikimjibu kwamba ni hivi karibuni. Mara mbili za kwanza niliamini ninachoandika, lakini ya tatu niliandika huku nikijua kwamba tumeshindwa. Hatimaye nilifuta ile sentensi kwenye ukurasa wa gemu na kueleza kwamba mchezo wa mtandaoni hautakuwapo. Baadhi ya watu waliiondoa gemu kwenye simu zao wiki ileile. Yule dada hakuiondoa, ila aliniuliza ni lini hasa nilikuwa nimejua, nami nikamtajia mwezi.