Jiwe la Dodoma halina vidudu, nenda Kilwa

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi nipo Ipagala hapa Dodoma. Mdogo wangu anasoma jiolojia UDOM, anadai kuna watu wanajua umri wa miamba kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, vidogo ambavyo kwa macho huvioni. Nyuma ya nyumba yangu kuna majabali kibao, nikimpa kipande atanambia kina miaka mingapi au ananipiga kamba tu?

JIBU: Hakupigi kamba ndugu yangu, ila hilo jabali aliache. Mengi ya hapo Dodoma ni graniti, uji wa moto ulioganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, sasa mdudu gani angeishi humo? Graniti wanaipima kwa zirkoni, vipunje vya madini ambavyo urani yake inageuka metali ya risasi polepole kwa mwendo unaojulikana.

Vidudu anavyosema viko Kilwa na Lindi. Kuna foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja, vingi vinajijengea ganda la chokaa, vikifa ganda linazama kwenye tope, na tope la kule limeyatunza maganda hayo vizuri mpaka wanasayansi wa nje wanalifuata. Unaloweka kipande cha mwamba mpaka kilainike, unakiosha kwenye chekeche la matundu ya mikroni 63 (mikroni elfu moja ni milimita moja), unakausha kilichobaki, halafu unakaa na hadubini unaokota ganda moja moja kwa ncha ya brashi iliyolowa, kazi ya kuumiza shingo hiyo! Mojawapo anaitwa Hantkenina, ana miiba kama nyota. Alitoweka kama miaka milioni 34 iliyopita, kipindi barafu ya Antaktika inajijenga, kwa hiyo ukimkuta kwenye tabaka alimofia, sio aliposombwa baadaye, ujue tabaka hilo ni la kabla ya hapo.

Lakini hapa wengi wanachanganya: ganda halijaandikwa tarehe, linakwambia nani alitangulia nani akafuata, namba ya miaka imetoka kwenye majivu ya volkano na sumaku iliyobaki kwenye miamba. Na kama ni vipande vinavyotoka kisima cha mafuta kikichimbwa uwe makini, vya juu huwa vinaporomoka vinachanganyika na vya chini.

Kuhusu mazingira ndo napenda zaidi. Ukikuta foraminifera wanaoelea ni wengi kuliko wanaoishi sakafuni mwa bahari, mara nyingi hapo palikuwa bahari ya kina, na chavua inakwambia nchi kavu ilikuwa na msitu au nyasi.

Huku kwetu kati tuna Mahenge, Singida, ziwa la kale ndani ya kreta (shimo la volkano), wamepata samaki na hata popo, ila umri wake, kama miaka milioni 46, ulitoka kwenye zirkoni, sio kwa hao samaki.

Mdogo wako akitaka kujaribu karibu na nyumbani, achote tope kule Bahi atafute daiatomu, vimwani vidogo sana vyenye ganda la silika, kitu kama kioo. Akibahatika vitamwonyesha maji yalikuwa ya chumvi au baridi, ila umri asiviulize.