Kabla ya kununua mkono wa skrini, ijue kwanza meza yako

Kazi yangu ni kutafsiri vijitabu vya afya kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili na kuzipanga kurasa zake hadi ziwe tayari kwa uchapaji. Kwa miaka mingi nimeifanya nikiwa nyumbani, mtaa wa Himbi hapa Goma, mbele ya skrini mbili: ya kushoto ina maandishi ya asili, ya kulia ina yangu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Skrini ya kulia, iliyokuwa imesimama juu ya mguu wake wa kiwandani, na mguu huo juu ya kamusi mbili nene, ilianguka kifudifudi sakafuni. Tarehe 27 tulipoamriwa kuhama, nilibeba kompyuta ya mapajani na diski ya akiba, nikaiacha skrini iliyobaki, kwa sababu nyaya zake zilikuwa zimefungwa nyuma ya meza kwa fundo ambalo sikuwa na muda wa kulifungua.

Tuliporudi nilianza kutafuta mkono wa skrini, yaani kile chuma chenye viungo kinachobanwa kwenye ukingo wa meza na kuishikilia skrini hewani bila mguu. Tangu wakati huo nimetumia mitatu. Wa kwanza uliniharibia meza, wa pili ulikufa na hakuna fundi aliyeweza kuufufua, na wa tatu ndio ulioshika skrini ninayoiandikia sasa. Ninawaandikia wenzangu wanaoketi saa nyingi mbele ya kompyuta katika miji yetu hii, ambako kifaa kikiharibika hakirudishwi dukani bali hutafutiwa fundi.

Nianze na meza, kwa maana hapo ndipo nilipokosea zaidi. Meza yangu ya zamani ilikuwa nzuri kwa macho, yenye rangi ya mti mwekundu, lakini ndani ilikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, unene wake sentimita 2 kasoro. Nilikaza kibanio, nikaitundika skrini, nikafurahi. Baada ya wiki tatu niliona skrini imeanza kuinama kidogo upande wangu, nikakaza tena, na kila nilipokaza ndivyo ukingo ulivyozidi kubonyea, hadi siku moja kipande cha meza kikamomonyoka kama mkate mkavu. Bahati ni kwamba nilikuwa nimeketi pale na niliidaka skrini kwa mikono.

Fundi seremala niliyempelekea meza hiyo, mzee wa Majengo ambaye sote humwita Papa, aliitazama kwa muda kisha akaniambia: «Mama, meza hii ilitengenezwa kubeba vitu vilivyokaa juu yake. Wewe umeipa kitu cha kuivuta.» Alikuwa amesema jambo lote kwa sentensi mbili. Skrini yangu bila mguu ina uzito wa kilo 4, na mkono ukinyooshwa huipeleka sentimita 50 mbele ya kibanio, ilhali bamba la kibanio lililolala juu ya meza lina urefu wa sentimita 10 tu. Zidisha kilo 4 kwa 50, ugawanye kwa 10, utapata kilo 20 zinazoukandamiza na kuuinua ukingo wa meza mahali padogo kama kiganja, na hapo hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Ukiongeza skrini ya pili kwenye kibanio hicho hicho, hesabu hiyo inakuwa mara mbili. Uzito ulioandikwa kwenye boksi la mkono unahusu kile ambacho mkono unaweza kubeba. Juu ya meza yako boksi halisemi chochote.

Papa alinitengenezea meza mpya ya mbao za libuyu, unene wa sentimita 4, ikaja hadi mlangoni juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo. Nilimwomba mambo mawili ambayo namshauri kila mtu amwombe seremala wake kabla mbao hazijakatwa. La kwanza, ule ubao wa kukaza miguu unaopita chini ya meza upande wa nyuma usogezwe ndani, ili kuanzia ukingoni pabaki sentimita 10 tupu, maana taya la chini la kibanio linahitaji mahali pa kukaa bapa. La pili, ukingo wa nyuma usichongwe mviringo, kwa sababu chuma hakishiki kwenye mviringo. Asiye na uwezo wa kubadilisha meza na aweke vipande viwili vya bamba la chuma, kimoja juu na kimoja chini ya ubao, vyenye upana wa kiganja mara mbili, ili uzito usambae. Mchomeleaji yeyote atavikata kwa dakika chache. Njia hiyo husaidia meza ya wastani, lakini ile ya unga wa mbao mimi nisingeiamini tena hata kwa bamba. Pia acha nafasi kati ya meza na ukuta, kwa sababu mkono unapokunjwa kiwiko chake hutokeza nyuma, na meza iliyogusana na ukuta huuzuia usikunjike.

Kuhusu kuutundika mkono ukutani, nitasema machache. Nyumba nyingi hapa ni za mbao zilizopigiliwa juu ya miimo, na ubao wa ukuta hauwezi kubeba mvuto huo. Ni lazima ukamate mwimo wenyewe, na hata hivyo kila lori likipita barabarani skrini itatikisika pamoja na nyumba.

Sasa skrini. Geuza skrini yako uitazame mgongoni. Zipo tundu nne za skrubu zilizopangwa mraba, na umbali kati ya tundu na tundu ni milimita 75 au milimita 100. Vipimo hivyo havikutokea kwa bahati: viliwekwa mwaka 1997 na VESA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya picha, na tangu hapo mkono wa kiwanda kimoja hushika skrini ya kiwanda kingine. Kwa mujibu wa vipimo hivyo, mraba wa milimita 75 ni wa skrini zisizozidi kilo 8, na ule wa milimita 100 ni wa zisizozidi kilo 14. Skrubu zake ni za M4, yaani kipenyo cha milimita 4, na kwa kawaida huingia milimita 10 hivi. Usilazimishe skrubu ndefu kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana sokoni, maana ncha yake inaweza kufika kwenye vifaa vya ndani. Weka washa mbili au tatu, yaani vile vipete bapa, chini ya kichwa chake. Skrini nyingine hazina tundu hizo kabisa, na nyingine zimezificha chini ya mguu, kwa hiyo angalia kabla hujatoa fedha. Uzito nao uupime, usiukisie. Mimi niliibeba skrini yangu hadi kwa muuza maharage, akaiweka kwenye mizani yake bila kuniuliza maswali mengi.

Mkono wangu wa pili ulikuwa wa gesi. Ndani yake mna silinda yenye naitrojeni iliyoshindiliwa, nayo husukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa skrini, hivyo unaweza kuisogeza kwa kidole na ikabaki pale ulipoiacha. Wazo la kusawazisha mkono namna hiyo ni la zamani kuliko kompyuta: mwaka 1932 mhandisi Mwingereza George Carwardine, aliyekuwa akishughulika na springi za magari, alibuni taa ya mezani ambayo mkono wake husawazishwa kwa springi na kukaa popote unapouweka. Taa hiyo ni ya springi za chuma zilizo wazi, ambazo fundi anaweza kuzivua na kuzibadilisha. Silinda ya gesi imefungwa moja kwa moja. Yangu ilipoanza kupoteza nguvu, skrini ikawa inashuka polepole kila asubuhi, na nilipokaza ile skrubu ya kurekebisha nguvu hadi mwisho, hapakuwa na kilichobaki. Mafundi watatu walinirudishia. Wa nne alitaka kuitoboa silinda, nikamnyang'anya, na ninamsihi kila msomaji asikubali jambo hilo, kwa maana gesi iliyoshindiliwa inaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Lipo onyo jingine juu ya mikono ya gesi, nalo ni zito. Kabla ya kuitoa skrini, inua mkono hadi ufike juu kabisa. Ukiitoa skrini mkono ukiwa chini, ule mkono uliopungukiwa na mzigo wake utaruka juu kwa nguvu zote, na uso wako kwa kawaida uko papo hapo. Hata skrini ikiwa nyepesi kuliko kiwango cha chini cha mkono, mkono hautatulia, utakuwa unapanda wenyewe. Ndiyo maana kila mkono wa gesi huandikiwa vikomo viwili, cha chini na cha juu, na wanunuzi wengi husoma cha juu tu.

Sikatai kwamba mkono wa gesi unafaa. Anayesimama na kuketi mara kwa mara, au anayemgeuzia mteja skrini mara kumi kwa siku, hataridhika na kingine. Lakini mimi huiweka skrini yangu mara moja na huigusa tena baada ya mwezi. Kwa mtu kama mimi, anayeishi mahali ambapo ardhi hutikisika na vipuri hutoka mbali, nimeona kuwa mkono wa vipande uliojengwa juu ya nguzo ni bora zaidi. Nguzo ya chuma ya kipenyo cha milimita 35 husimama kwenye kibanio. Pete yenye bolti hupanda na kushuka juu ya nguzo hiyo na kukazwa pale unapotaka. Mkono mfupi wa viungo viwili huingia kwenye pete. Na mwisho kabisa kuna bamba la kushika skrini. Kila kipande kinatoka peke yake. Pete yangu moja ilipopasuka, mchomeleaji wa Birere alinitengenezea nyingine kwa kipande cha bomba, na hadi leo ndiyo inayoshika skrini ya kushoto. Silinda ya gesi hangeweza kunitengenezea.

Kwa ajili ya matetemeko, nguzo yangu niliikata ikawa fupi, sentimita 40 tu, na skrini zote mbili nimezirudisha karibu na nguzo kadiri inavyowezekana, kwa sababu mzigo ulio juu na mbali ndio unaoyumba zaidi. Ardhi ikitetemeka, skrini hutikisika, lakini hazijaanguka hata mara moja.

Viungo vya mkono wa namna hii hushika kwa msuguano: chuma na washa ya plastiki ngumu vimebanwa pamoja kwa bolti, na kule kusuguana ndiko kunakoizuia skrini isishuke. Kijana wa jirani, kwa nia njema kabisa, alisikia kiungo kikilia akakitia oili ya pikipiki, na kufika jioni skrini ilikuwa imelala kifuani mwa kibodi. Ilinibidi nifungue kila kitu na kuosha kwa spiriti. Usitie mafuta kwenye viungo hivyo. Kinachohitajika ni kitambaa kikavu, maana vumbi letu jeusi la mawe ya volkano hula washa kama msasa, na kukaza bolti robo mzunguko kila baada ya miezi michache.

Vifaa vingine vinaweza kuongezwa kwenye nguzo hiyo, na hapo ndipo utamu wa vipande ulipo: trei ya kompyuta ya mapajani, taa, kamera, maikrofoni. Kamera nyingi hutumia skrubu ya robo inchi, na mikono ya maikrofoni mara nyingi ina skrubu ya 3/8 au 5/8 ya inchi, kwa hiyo nunua na kile kipande kidogo cha kuunganishia. Maikrofoni lakini niliiondoa kwenye nguzo ya skrini baada ya siku mbili, kwa sababu kila nilipopiga kibodi mgongo wa chuma uliupeleka mlio hadi kwenye sauti niliyokuwa nikirekodi. Sasa ina kibanio chake upande wa pili wa meza. Trei ya kompyuta nayo isitumiwe kuandikia juu yake. Weka kibodi mezani, trei ibebe tu.

Urefu wa skrini upime ukiwa umeketi kama unavyoketi saa za mchana ukiwa umechoka, maana asubuhi kila mtu ana mgongo ulionyooka. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na umbali uwe wa mkono ulionyooshwa. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili ashushe zaidi, la sivyo atakuwa akiinua kidevu siku nzima. Maumivu ya shingo niliyokuwa nayo wakati wa kamusi mbili yalipungua ndani ya mwezi.

Nyaya ziache zikiwa na kitanzi kwenye kila kiungo: peleka mkono kila upande unaoweza kufika, kisha ndipo uzifunge. Mimi hutumia vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ambavyo hufunguka kwa kuvutwa. Bamba langu la skrini ni la kuteleza, linashikwa na bolti moja tu. Ukiilegeza, skrini inapanda sentimita mbili na kutoka. Mara moja kila baada ya miezi mitatu tunajaribu: ninachomoa nyaya mbili, binti yangu analegeza bolti, na skrini zote mbili zinalazwa ndani ya blanketi kabla ya dakika tatu kuisha. Ufunguo wa pembe sita umefungwa kwa kamba kwenye nguzo yenyewe, chini kidogo ya pete ya kwanza, na hauruhusiwi kutoka hapo kwa kazi nyingine yoyote.