Macho yanacheza, mbona daktari anataka kupima titi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Dada yangu ana miaka 54, hajawahi kulazwa hospitali ila kwa kujifungua. Mwezi wa tatu macho yake yalianza kucheza. Si kope, ni mboni zenyewe: zinaruka huku na huku, juu na chini, hazitulii hata akifumba. Akisimama anapepesuka, na kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila kumwagika. Majirani wakasema ana jini, tukapoteza wiki tatu kwa waganga. Daktari wa mishipa ya fahamu alimpiga picha ya kichwa, hakuona kitu. Kisha akaandika apimwe matiti na kifua. Dada amekasirika kweli: “Naumwa macho, titi langu anataka la nini?” Binti yangu aliye chuo anasema seli za saratani hukata na kuunga jeni kwa namna nyingine, ndipo mwili ukajigeuka wenyewe. Hatukumwelewa. Tufafanulie.
B.M., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, mpeleke dada akapimwe hayo matiti. Wiki hii. Barua yangu ataisoma kwenye foleni.

Kuhusu jini sitawasema. Mimi mwenyewe ningeyaona macho yale ningesoma Ayatul Kursi kwanza, halafu ndiyo nikaita bajaji. Kosa ni zile wiki tatu.

Daktari wenu hajapotea njia. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani, akiwamo Jerome Posner wa New York, waliandika habari za wagonjwa waliokuja na macho ya namna hiyo hiyo na mwendo wa kupepesuka, na wengi wakakutwa na saratani ya titi. Kwenye damu yao kulikuwa na kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, zinazonasa seli za ubongo. Wakaziita anti-Ri. Hiyo Ri ni herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo la mgonjwa. Ndiyo ilikuwa desturi yao, na ndivyo kingamwili nyingine zilivyopata majina ya Hu na Yo. Nilipofundishwa hilo nilifikiri mhadhiri anatutania.

Sasa, kwa nini titi liuchokoze ubongo? Hapo ndipo maneno ya binti yako yanapoingia, nami nitapita njia ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi redio. Kaseti ikiliwa na mashine alivuta mkanda wote nje, akaitafuta sehemu iliyojikunja, akaikata kwa wembe, akazikutanisha ncha mbili juu ya kioo na kuzibandika selotepu nyembamba, kisha akaisugua kwa ukucha ili isichubue hedi. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilijaribu mwenyewe na kaseti ya bibi ya taarabu. Nikakata ubeti wa pili wote. Wimbo ukatoka wa kwanza ukaingia wa tatu, bila mkwaruzo. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, “Leo umekuwa mfupi.” Wimbo ni ule ule, mkanda ni ule ule, ila maneno yamebadilika na asiyeujua hawezi kukamata.

Seli hufanya hivyo kila dakika. Jeni hunakiliwa kwanza, na nakala hiyo ina vipande vya maana vilivyotenganishwa na vipande visivyohitajika. Visivyohitajika hukatwa, vya maana huungwa. Lakini seli inaweza pia kuruka kipande cha maana, ikatoka protini nyingine kutoka jeni ile ile. Ndiyo maana binadamu anatosheka na jeni zipatazo 20,000 tu. Waligundua mambo haya Richard Roberts na Phillip Sharp mwaka 1977, wakapewa Nobeli mwaka 1993.

Mwaka huo huo wa 1993, huko New York, Ronald Buckanovich, Posner na Robert Darnell walichukua zile kingamwili za anti-Ri wakazitumia kama ndoana: ni protini gani hasa inayonaswa? Ikapatikana moja wakaiita Nova. Baadaye ikajulikana kazi yake, na mimi hapo ndipo huwa naweka kalamu chini kidogo. Nova ni fundi wa kukata na kuunga! Kazi yake imo ndani ya seli za neva. Hutafuta kwenye nakala mahali palipoandikwa herufi U, C, A, U, hujishika hapo, na kutegemea amekaa upande gani wa kipande, kipande hicho kinabaki au kinarukwa. Miongoni mwa nakala anazozitengeneza ni za vipokezi vya glisini na vya GABA, ambavyo ni breki za mfumo wa neva. Panya walioondolewa jeni ya Nova-1 walikufa wangali wachanga, hawawezi kuuendesha mwili wao.

Rudi kwenye titi. Seli ya titi haina shughuli na Nova. Ila seli ya saratani haina adabu; hufungua kurasa za jeni ambazo tishu yake ilikuwa imezifunga. Uvimbe mdogo wa titi ukaanza kutengeneza protini ya ubongo. Ubongo umejitenga kidogo na askari wa kinga, hivyo askari hawajazoea kuiona Nova mitaani. Wakiikuta kwenye titi wanaona mgeni, wanapigana. Na wanapigana vizuri: mara nyingi uvimbe wa wagonjwa hawa huwa mdogo mno, ndiyo maana macho hutangulia na saratani hugunduliwa nyuma. Tatizo ni kwamba askari waliokwisha kufundwa huingia na ubongoni, wakaikuta Nova nyumbani kwake. Wataalamu wengi wanaona mharibifu mkubwa ni seli T, yaani askari wenyewe, na kingamwili ni kama nyayo mchangani, zinakuonyesha nani amepita.

Kwa hiyo kwa ugonjwa huu binti yako amekosea kidogo. Saratani haikukata wimbo vibaya, imemwajiri fundi wa mtaa mwingine.

Lakini asinuniwe, kwa sababu alilosema lipo. Mwaka 2018 watafiti waliochambua uvimbe wa wagonjwa 8,705 walikuta saratani zina ukataji na uungaji wa ziada, hadi asilimia 30 zaidi ya tishu zenye afya. Kila muungo mpya unaweza kuzaa kipande cha protini ambacho askari hawajapata kukiona. Askari hao hufundwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko huonyeshwa protini za mwili mzima, na anayezirukia anaondolewa. Ila onyesho lenyewe si kamili. Mwaka 2000 ilionekana kwa panya kwamba protini moja ya ala ya neva (ganda linalofunika nyuzi za neva), iitwayo PLP, thaimasi huonyesha hasa umbo lake fupi, lililorukwa kipande. Askari wanaokichukia kipande hicho wanahitimu bila kugunduliwa, na wanaweza kuishambulia ala ya neva. Ni kaseti ya bibi hiyo hiyo: aliyefundishwa wimbo mfupi, siku akisikia ubeti wa pili atasema si wenyewe.

Na zipo saratani zinazochokoza kinga kwa njia nyingine kabisa, ya herufi za jeni kubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins waliangalia wagonjwa wa skleroderma, ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa, waliokuwa pia na saratani. Kati ya 8 wenye kingamwili dhidi ya protini iitwayo POLR3A, uvimbe wa 6 ulikuwa na hitilafu kwenye jeni ya protini hiyo. Wengine 8 wasio na kingamwili hizo, hata mmoja hakuwa nayo.

Tuje kwa dada. Macho kucheza hakumaanishi lazima ana saratani. Virusi navyo huweza kuleta hali hii. Kwa mtoto mdogo, tena, hatuanzi na titi bali tumbo, tukitafuta uvimbe wa neva unaoota karibu na figo. Kwa mama wa miaka 54 ni matiti na mapafu kwanza. Picha safi ya kichwa isiwafariji, kwani ugonjwa huu mara nyingi hauonekani pale. Daktari anaweza kutaka pia maji ya uti wa mgongo. Sindano yake inatisha kwa macho kuliko inavyouma. Na ikitokea kingamwili zimepatikana lakini uvimbe hauonekani, asiage hospitali. Hurudiwa kupimwa kila miezi minne hadi sita kwa miaka miwili.

Niliwahi kumwona mama mmoja ambaye kipimo cha kwanza kilikuwa safi, akaambiwa nenda nyumbani, akaenda. Hakurudi mpaka titi lenyewe lilipomrudisha. Kioo cha kinyama chake kilipita chini ya hadubini yangu. Tezi za kwapa nazo zilikuwa zimeshaingiliwa.

Chini ya barua umeuliza kwa penseli: saratani ikitibiwa, macho yatatulia? Tiba ya kwanza ndiyo hiyo, kuuondoa uvimbe unaowachokoza askari, pamoja na dawa za kuwatuliza kama steroidi. Wengine macho hutulia wakarudi kushika kikombe, hasa wakiwahi. Seli ya neva iliyokwisha kufa hairudi. Kwa hiyo kinachobaki kwenu ni tarehe: andika siku macho yalipoanza, siku ya picha ya kichwa, na dawa zote alizokunywa, za waganga zikiwamo, umkabidhi daktari karatasi hiyo pamoja na dada.