Suruali Iliyonishinda Testaccio: Namna ya Kupendeza Italia Huku Unakula na Kunywa

Kifungo cha suruali yangu kiliruka huku mkia wa ng'ombe ukiwa nusu sahanini. Tak! Kikagonga mguu wa meza, kikajiviringisha hadi chini ya kiti cha mzee mmoja aliyevaa koti la kitani. Mzee akainama, akakiokota, akanikabidhi kwa adabu kama mtu anayerudisha pete ya ndoa. Hapo ni Testaccio, Roma, usiku wangu wa pili Italia. Suruali ilikuwa ya jinzi, imebana barabara, nimeinunua makusudi kwa ajili ya safari kwa kuwa kwenye kioo cha duka moja Mombasa ilinikaa vizuri. Nilisahau kwamba dukani nilikuwa nimesimama, tena sijala tangu asubuhi.

Aibu yangu ilikuwa mara mbili, maana mimi kazi yangu ni kushona. Nina cherehani tatu na wateja wanaonililia kila Krismasi niwafumulie magauni. Isitoshe, mimi ni mtu wa Malindi, na mtu wa Malindi hana udhuru wa kutowajua Waitaliano. Tumekua nao. Pizza na aiskrimu zao ziko mjini kwetu, vijana wa ufuoni wanapiga Kiitaliano kama maji, na huko Ngomeni walikuwa wakirusha satelaiti zao tangu miaka ya 1960. Nikiwa mtoto nilikuwa nawatazama wazee wao jioni wakitoka kutembea: tumbo mbele, miaka sabini na ushei, na bado unageuza shingo kumtazama. Shati la kitani hakulichomekea, mikono ameikunja mara mbili, suruali pana inapepea. Wao wenyewe wana neno lao, bella figura, yaani kujitokeza mbele za watu ukiwa umetengenea. Nilidhani ni pesa. Kumbe ni nafasi iliyoachwa kati ya mwili na nguo, na mimi fundi nililiona hilo miaka yote bila kulitia akilini.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma mengine chukua huu: nguo ya kwenda nayo Italia ijaribu ukiwa umeketi, baada ya kula. Kula ugali wako na samaki, ushibe, ukae kwenye kiti kigumu saa nzima. Nguo itakayokuacha upumue ndiyo ipande ndege.

Nasema hivyo kwa sababu kule hula kwa awamu. Kuanzia kama saa kumi na mbili jioni ni aperitivo: glasi ya spritz, yaani Aperol (kileo chungu cha rangi ya chungwa), divai ya prosecco na soda, pamoja na zeituni, viazi vya kukaanga na vijipande vya mkate. Mgeni hudhani ndicho chakula chenyewe. Saa mbili usiku ndipo mnaketi kwenye meza ya kweli. Kuna cha kufungulia, kisha pasta, ambayo kwao ni sahani ya kwanza tu, kisha nyama au samaki, mboga zinaletwa kando, kitamu, kahawa, na mwisho kiglasi cha limoncello, kileo cha limau, au amaro, kinywaji cha mitishamba wanachosema kinasaga chakula. Saa tatu zinapita hujainuka. Testaccio ndiko kulikokuwa na machinjio makuu ya Roma hadi 1975, na wapishi wa pale walijifunza kupika kile walichokiita robo ya tano ya ng'ombe: matumbo, mkia, ulimi, maini. Mtu wa Pwani aliyelelewa kwa supu ya mkia na matumbo ya nazi anajiona kafika kwao. Ndivyo nilivyoponzeka.

Nilitoka mle ndani nimejifunga leso kiunoni juu ya jinzi iliyo wazi. Ndugu zetu wa Tanzania mnaiita kanga, najua, na leso kwenu ni ya kupengea kamasi, nivumilieni. Nilikuwa nayo mkobani kwa ajili ya kanisani. Niliifunga kwa pembeni, nikaiachia pindo ining'inie, na mhudumu aliyenifungulia mlango akaniambia bella, mrembo. Tangu usiku ule sikuvaa kitu chochote chenye kifungo cha tumboni.

Jumapili yake nikaenda soko la Porta Portese, ule mnada wa mitumba wa asubuhi, kama soko la Kongowea, Mombasa, ila wauzaji wanapaza sauti zaidi. Nikapata suruali pana ya kitani, rangi ya mchanga, ya kufunga kwa kamba. Kitani hujikunja, ndiyo, ukikaa dakika kumi ina mikunjo kama uso wa bibi. Usihangaike na pasi. Kule mikunjo ya kitani haimwaibishi mtu. Wanaume wenye saa za bei ya shamba wanaivaa hivyo hivyo.

Ukitaka kushonesha kabla ya safari, mwambie fundi wako mambo haya. Mpira wa kiuno uwekwe nyuma tu, mbele paachwe bapa, ili ukisimama uonekane na sketi ya heshima na ukiketi tumbo lipate pa kwenda. Sketi ya kufunga ipishane sana, si vidole vinne. Ipishane mpaka karibu na nyonga ya pili, maana upepo wa barabarani hauna haya. Gauni likatwe chini ya matiti, si kiunoni. Na ndani ya mshono aache kitambaa cha kutosha cha kuachia baadaye. Kwenye mtaa wa via Chiaia, Napoli, nilisimama mbele ya madirisha ya maduka ya suti mpaka wenzangu wakaniacha. Mafundi wa Napoli wanasifika kwa koti lisilo na mito mabegani, mkono umeingizwa kama wa shati, bitana kidogo au hakuna. Linalala mwilini kama shati. Ndani ya koti la kushonesha huacha akiba ya kitambaa, kwa sababu wanajua mteja atanenepa, nao hawamlaumu.

Rangi nilizipanga kwa saa, na hili sijaliona mtu akilisema. Asubuhi vaa nyeupe. Kifungua kinywa cha baa (baa yao ni mkahawa wa kahawa) ni cornetto, kijimkate kitamu cha umbo la pembe, iliyonyunyiziwa sukari ya unga, unaila umesimama kaunta na cappuccino yako, na ile sukari ikidondokea nguo nyeusi utaonekana umetoka kupaka chokaa. Kwenye nyeupe haionekani. Mchana vaa maua, kitenge, chochote chenye fujo ya rangi, kwa kuwa mchana ni wa nyanya na mafuta ya zeituni. Usiku ndiyo zamu ya nyeusi, samawati iliyokolea au rangi ya damu ya mzee, maana divai nyekundu itakuwepo na majirani wa meza wanaongea kwa mikono. Nilimwona msichana wa Kimarekani huko Trastevere, mtaa mwingine wa Roma, kavaa nyeupe tupu saa tatu usiku, mbele yake spritz ya rangi ya chungwa. Nilimwombea.

Nilisafiri na shoga yangu wa Lamu, Mwislamu, na naapa yeye ndiye aliyefaidi. Abaya yake ilikuwa nyeusi, nyepesi, imekatwa vizuri. Alikula sahani nne kila usiku bila hata kushika tumbo, mimi nikimtazama kwa kijicho. Nguruwe alimkwepa kwa urahisi mara tulipojua majina: guanciale ni shavu la nguruwe, nayo iko ndani ya carbonara, amatriciana na gricia, pasta tatu kati ya zile nne maarufu za Roma. Ya nne, cacio e pepe, ni jibini ya kondoo na pilipili manga tu. Siku mbili tulikula mtaa wa Wayahudi, karibu na magofu ya Portico d'Ottavia, ambako mikahawa ya kosher, inayofuata sheria ya chakula ya Kiyahudi, haina nguruwe kabisa, na artichoki yao, mboga ya kichwa chenye majani yaliyofumbana, hukaangwa nzima mpaka inachanua kama ua, majani yakivunjika mdomoni kama bajia. Wakati wa aperitivo yeye alikunywa Crodino, ambayo ni chungu, rangi ya chungwa, haina kileo, na kwenye picha hakuna wa kujua tofauti. Adui wake alikuwa mmoja: mikono ya abaya. Mkono mpana huingia kwenye mchuzi kabla ya kijiko. Siku ya tatu akaanza kuvaa bangili mbili nzito juu ya kitambaa, zikaubana mkono juu ya kifundo, na wanawake wawili wakamsimamisha njiani kumwuliza mtindo ule umetoka wapi.

Viatu sitasema mengi. Barabara za katikati ya Roma zimetandikwa vijiwe vyeusi wanavyoviita sampietrini, na kisigino chembamba kikiingia kati ya viwili, kinabaki. Nilivaa makubadhi ya kwetu ambayo fundi viatu alinibandikia soli ya mpira kabla ya safari, kwa sababu ngozi tupu juu ya mawe yaliyolowa ni kama kukanyaga ganda la ndizi. Lakini jihadhari na nasoni, yale mabomba ya chuma ya barabarani, Roma ina zaidi ya 2,000, maji ni baridi na ya bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka kwa tundu la juu ili unywe bila kikombe. Mimi yaliniruka mpaka kifuani, mbele ya watoto wa shule.

Leso chukua mbili, hata kama hutachukua koti. Kwenye Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, hawakuingizi mabega wazi wala magoti nje, na makanisa mengi makubwa yana sharti hilo hilo. Nje wanauza mitandio ya haraka haraka. Mimi nikajitanda leso yangu, nikapita mlinzi, nikafika mpaka chini ya kuba, ndipo shoga yangu akaniminya: mgongoni nimeandikwa HASIDI HANA SABABU. Mbele ya kaburi la mtume. Chagua jina la leso kwa makini.

Sehemu za baharini nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Sorrento mwaka 2022 waliweka faini ya hadi euro 500 kwa anayetembea mjini na bikini au kifua wazi, na mtu wa Malindi hawezi kuwacheka, kilio hicho tunakijua. Roma nako, tangu 2019, kukaa kwenye zile ngazi za Piazza di Spagna ni kosa, na faini yaweza kufika euro 400. Aiskrimu yako uile ukitembea; na hapo kitambaa cha karatasi kizungushe kwenye koni kabla ya kulamba, si baada.

Madoa yatakuja. Usisugue. Divai nyekundu ikimwagika, kandamiza kwa kitambaa kikavu inywe, kisha mimina maji ya gesi ambayo hakika yako mezani, na ukifika chumbani loweka kwa maji baridi. Mchuzi wa nyanya nao ni maji baridi, kutokea upande wa ndani wa nguo. Maji ya moto huzidi kulishika doa. Mafuta nyunyizia poda ya mtoto, ilale nayo hadi asubuhi. Nilibeba kikopo kidogo cha poda na hakuna kitu kilichonifaa zaidi, hasa baada ya Firenze. Kule vibandani huuza lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa, kwenye mkate ambao nusu yake huchovywa kwenye supu, wakatia na mchuzi wa kijani. Huliwa kwa kusimama. Kanuni ni miguu upande, kiwiliwili mbele, mkate mbali na kifua, kama unayekula embe dodo. Pizza ya Napoli ya kukunjwa mara mbili hadi iwe robo, wanayoiita pochi, huliwa kwa mkao huo huo, na usiibane sana mkononi, itakutapikia mafuta mpaka kiwiko.

Mkate pia upanguse sahani, wasikutishe na adabu za hotelini. Wanaita kufanya scarpetta, kiatu kidogo, na mama mmoja mwenye mkahawa alinitazama nikipangusa mchuzi wa mkia hadi udongo wa sahani ukang'aa, akaniongezea mkate bila kuniuliza.

Siku ya kurudi nilivaa dera. Sikuona haya, ndege ni saa nyingi na nilikuwa nimeongeza kilo tatu, nimezipima. Jinzi nilimwachia mwenye chumba, kifungo nimekihifadhi. Kipande cha pecorino, jibini ya kondoo, nilichowanunulia watu wa nyumbani nilikifunga kwa ile leso ya Hasidi, nikakitia katikati ya nguo. Leso nimeifua mara tatu kwa ndimu na bado jirani ananiuliza nimepika nini.