Usikate Nakala Rudufu, Kata Seva Zinazolala

Wiki hii msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Kaka, bili ya klaudi imefika pabaya. Bosi ameagiza bakapu tutunze za siku tatu badala ya thelathini. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, ila jibu refu naliweka hapa, maana wote tunaolipia AWS, klaudi ya Amazon ya kukodisha seva mtandaoni, kwa dola huku wateja wakitulipa kwa shilingi tunaugua ugonjwa mmoja.

Mimi yalinikuta kwenye kampuni niliyokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam. Tulikuwa na seva mbili kubwa za bakapu, yaani za kutengeneza nakala rudufu, zinawaka mchana kutwa na usiku kucha. Kazi yao ilianza saa sita usiku na kuisha saa kumi alfajiri. Saa 20 zilizobaki zilikaa bure, na tukazilipia, kama vile kumlipa mlinzi wa usiku hata mchana anapolala kwake. Nilipopendekeza tuzizime, niliambiwa mbele ya kikao kizima kwamba bakapu haiguswi, na kijana anayetafuta sifa asijifunzie kwenye mali ya watu. Baadaye akaja mshauri mwenye suti nzuri, akaonyesha wazo lilelile kwenye projekta, akapigiwa makofi. Unadhani nani alipewa kazi ya kulitekeleza? Haya, nililitekeleza, na nasema bila haya kwamba lilitoka safi.

Linavyofanya kazi: kila mashine pepe (kompyuta ya programu inayokaa ndani ya seva) ya kunakiliwa inaandikiwa kazi kwenye foleni ya SQS, huduma ya AWS ya kupanga kazi. Kundi la Auto Scaling, yaani seva zinazoongezwa na kupunguzwa zenyewe, linapanuka kwa urefu wa foleni hiyo, na kiwango chake cha chini ni sifuri. Foleni ikijaa, seva nne zinaamka, zinasoma data, zinaibana, zinaipeleka S3, ghala la data la AWS, kisha zinafutwa. Seva za Linux kwenye EC2, huduma ya AWS ya kukodi seva, hulipiwa kwa sekunde, kwa hiyo seva nne zikifanya kazi saa mbili ni saa nane za bili. Zile mbili za zamani zilikuwa zinakula saa 48 kila siku. Ukizichukua kwa Spot, yaani seva za ziada ambazo AWS huzitoa kwa bei ya chini, punguzo linaweza kufika asilimia 90, mradi ukubali kunyang'anywa seva kwa notisi ya dakika mbili. Bakapu inavumilia hilo: kazi iliyokatika inarudi foleni, seva nyingine inaichukua. Ila ule muda ambao SQS inaficha kazi iliyokwisha kuchukuliwa ni sekunde 30 usipoubadilisha. Urefushe upite muda wa kazi yako ndefu kuliko zote, la sivyo seva mbili zitanakili mashine moja. Na ratiba za Auto Scaling husoma UTC, saa ya kimataifa, usipozitajia ukanda wa saa. Saa sita usiku ya Dar kwao ni 21:00.

Sasa sikilizeni, wenzangu, hapa ndipo pesa zinapovujia na watu hawaoni. Kampuni nyingi zina seva za tovuti zinazoongezeka zenyewe wateja wakiwa wengi. Mtu kaweka lebo ya bakapu (alama inayosema seva hii inakiliwe) kwenye kiolezo cha kuzindulia seva, basi kila seva inayozaliwa inairithi, na ikikutwa hai saa ya bakapu inapigwa snapshoti, yaani picha ya diski yake ilivyo wakati ule. Asubuhi seva inafutwa. Snapshoti haifutwi nayo! Inabaki, inalipiwa, na kila seva inayozaliwa kesho inaleta nyingine. Seva mpya, diski mpya, snapshoti mpya. Na ndani yake kuna nini? Mfumo uleule wa Linux na kodi ileile ya programu iliyohifadhiwa Git. Hifadhidata ndiyo ya kunakili. Faili za wateja ndizo za kunakili. Seva inayoweza kuzaliwa upya kutoka kwenye kiolezo iondolee lebo, leo, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kuna na suala la njia. Data ya bakapu ikienda S3 kupitia NAT, njia ya kutokea kwenda intaneti, unatozwa kwa kila gigabaiti inayopita. Mlango wa ndani wa S3, ule wa aina ya gateway, hauna ada. Wahandisi wenye vyeti vinne ukutani hawajauweka. Sisemi mtu.

Vijana wa fani hii, acheni kuogopa bili. Ifungueni, isomeni mstari kwa mstari, msingoje mshauri aje kuwasomea. Bosi anayesema "punguza siku" hajui anachokigusa: mtu akifuta jedwali Ijumaa jioni na likagundulika Jumatano, nakala za siku tatu hazimsaidii yeyote. Ukimpelekea hesabu ya saa za seva atakusikiliza, na asipokusikiliza, hesabu hiyo itunze kwa barua pepe yenye tarehe. Mimi sikuitunza yangu kwa maandishi, nilisema kwa mdomo kikaoni.

Wewe wa Mwanza, fungua Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa kuchambua bili, panga kwa aina ya matumizi, kisha tafuta mistari mitatu: saa za seva za bakapu, gigabaiti za NAT, na snapshoti. Ule wa snapshoti ukiwa mkubwa kuliko mingine yote, anza kuorodhesha zile ambazo diski zake hazipo tena. Niandikie ulichokuta.