Jibu: Lous ni mtoto wa Lubumbashi, na mimi nakumbuka mwaka alioondoka mama yake

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza mambo matatu: kama yule mwimbaji Lous and the Yakuza alizaliwa kweli hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwa nini anatuimbia Kifaransa ikiwa ni mwenzetu, na mtu aanzie wimbo gani. Wenzetu kadhaa wamekujibu kwa mstari mmoja tu: "Huyo si wetu, ni Mbelgiji." Jibu hilo limenikosesha usingizi, ndiyo maana naandika marefu.

Alizaliwa hapa, tarehe 27 Mei 1996. Jina lake ni Marie-Pierra Kakoma. Baba yake ni daktari Mkongomani, mama yake ni daktari Mnyarwanda. Mtu wa umri wangu aliyekulia mji huu akisikia ndoa hiyo na mwaka huo, hahitaji kuelezwa kilichofuata. Wewe nadhani ni kijana, basi nikueleze.

Vita vya pili vya Kongo vilianza tarehe 2 Agosti 1998, kule Kivu, mashariki mwa nchi, mbali sana na sisi. Hapa hakukuwa na risasi. Lakini hazikupita siku nyingi, ikawa jirani anamtazama jirani pua na urefu. Watutsi, na yeyote aliyedhaniwa kuwa Mnyarwanda, walitolewa majumbani mwao wakafungwa. Mama yake Lous alifungwa miezi miwili, kosa lake likiwa mahali alikotoka. Alipoachiliwa alikimbilia Ubelgiji, na binti yake akabaki huku. Walikuja kuonana tena baada ya kama miaka miwili. Piga hesabu: mama alipokamatwa, mtoto alikuwa na miaka miwili, alipopanda ndege kumfuata, alikuwa na kama minne.

Mimi mwaka huo nilikuwa na miaka 11. Tulikaa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, nyumba mbili katika parsele (kiwanja) moja, mwembe mmoja katikati. Mke wa jirani yetu alikuwa mzaliwa wa Rwanda. Alikuwa ameishi hapa muda mrefu kiasi kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, na sombe yake, yaani kisamvu, ilikuwa tamu kuliko ya mama yangu. Walimjia jioni, saa ya kusonga bukari, yaani ugali. Mama yangu alitoka nje na mwiko mkononi, unga umeganda kwenye mti, akasimama hapo mlangoni hakusema kitu hadi walipomaliza kumpandisha kwenye gari. Tuliporudi ndani, bukari ilikuwa imeungua chini.

Binti yao alikuwa na miaka mitano. Baba yake alimleta kwetu usiku uleule, akampitisha nyuma kwenye mahindi ili wa barabarani wasione. Mama akamlaza katikati yangu na dada yangu, akampa jina jingine, akamfundisha: "Kama banakuuliza, sema uko mutoto ya tantini wa ku Kolwezi," yaani mtoto wa shangazi wa mji wa Kolwezi. Alimrudisharudisha mpaka mtoto akaweza kusema bila kutetemeka. Nasi tukafundishwa jibu lilelile.

Usiku wa pili mtoto akaanza kuimba gizani, kile alichokuwa akiimbiwa na mama yake kabla ya kulala. Kilikuwa Kinyarwanda. Mama yangu alitoka kitandani mbio, akaja kumwekea kiganja mdomoni, taratibu, akamwambia, "Hapana, mama. Ile luga hapana." Tangu hapo hakutamka tena neno hata moja la wimbo ule, ila sauti yake haikukoma. Alikuwa anauguna mdomo umefumba, na kwa vile mgongo wake uliegemea kifua changu, niliusikia ule wimbo mwilini kabla ya kuusikia masikioni. Ninafundisha kwaya ya parokia sasa, mwaka wa 15 huu, na sijawahi kukutana tena na sauti iliyonigusa namna ile.

Mama wa binti huyo aliachiliwa baadaye, na mwaka uliofuata wakaondoka wote na ndege ya wakimbizi. Kwa hiyo mtu akiandika "si wetu", mimi naona lile gari. Kama hawa si wetu, ni kwa sababu tuliwatoa. Na haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1992 na 1993 tuliwafukuza Wakasai, watu wa asili ya jimbo la Kasai lakini waliozaliwa huku, hadi wakalala kwa wiki na miezi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni.

Nirudi kwa Lous. Ubelgiji hakukaa moja kwa moja. Mwaka 2005 familia ilihamia Rwanda, akaishi huko hadi akiwa na miaka 15, ndipo akarudishwa Ubelgiji kusoma. Hebu fikiria: Lubumbashi ni mtoto wa Mnyarwanda, Kigali ni mtoto wa Mkongomani, Ubelgiji ni Mwafrika. Wazazi wake walitaka asome wawe na uhakika naye, jambo ambalo mzazi yeyote wa kwetu analielewa. Yeye alitaka muziki. Aliacha chuo, msaada wa nyumbani ukakatika, akafika mahali pa kulala nje katika mitaa ya Bruxelles. Hata hivyo aliendelea kuandika na kurekodi, akiweka nyimbo intaneti mwenyewe.

Jina "Lous" ni herufi za neno la Kiingereza "soul", yaani roho, zikipangwa upya. "Yakuza", jina la magenge ya wahalifu wa Japani, amelichukua huko, kwa kuwa anapenda sana vitabu vya katuni vya huko, na analitumia kwa maana ya kundi la watu wanaofanya kazi pamoja naye. Kwa hiyo waliosema hapa kwamba ameingia dini ya Kijapani, tafadhali waache.

Mwaka 2019 alitoa Dilemme, na huo ndio uliomfungulia mlango. Wataliano waliupenda hadi ukatengenezwa upya pamoja na waimbaji wao Tha Supreme na Mara Sattei. Albamu yake ya kwanza, Gore, ilitoka Oktoba 2020, katikati ya korona, na ya pili, Iota, mwaka 2022. Gore ilitengenezwa na El Guincho, mtayarishaji Mhispania aliyefanya kazi na mwimbaji Rosalía. Kama mwalimu wa sauti, hapa naomba mnivumilie kidogo. Sikilizeni anavyoimba chini. Waimbaji wengi wa rika lake wanakimbilia juu, wanataka kukuonyesha mapafu. Yeye anakaa chini, karibu na mtu anayezungumza na mwenzake chumbani, na midundo ya besi imeachwa na nafasi kubwa katikati ili neno lisikike. Wanakwaya wangu wa alto, yaani sauti ya chini ya wanawake, nimewapa Dilemme kama zoezi: ukiweza kushika noti ya chini bila kuisukuma, umeanza kuimba.

Anaandika mwenyewe, na haandiki vitu vyepesi. Kuna wimbo juu ya kukosa pesa kabisa, kuna mwingine juu ya mwanamke aliyebakwa, kuna mwingine juu ya mwanamke anayeuza mwili, na huyo wa mwisho hamhukumu hata kidogo.

Sasa Kifaransa. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa na mwimbaji wa huku kwetu, aliimba Kiswahili kwa sababu alikiishi. Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipomkuta Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, kile Kiswahili kilikuwa mdomoni mwake saa zote. Utamdai vipi mtoto aliyeondoka na miaka minne? Yule binti wa parsele yetu tulizungumza kwa simu miaka michache iliyopita, kwa Kifaransa, mama mtu mzima sasa, yuko Ulaya. Nilijaribu kumsalimu kwa Kiswahili. Kimya. Kisha akataja maneno aliyobaki nayo, polepole kama anayehesabu: bukari, sombe, mayi, lala. Kinyarwanda nacho alisema anaelewa mama yake akizungumza, lakini yeye mwenyewe hakimtoki. Nilikata simu nikaenda kukaa nje kwa muda mrefu.

Wimbo wa kuanza nao, kwangu mimi, ni Solo. Humo anataja 1960, mwaka wa uhuru wetu, na anauliza kwa nini rangi nyeusi haimo kwenye upinde wa mvua. Uusikilize peke yako mara ya kwanza, usiuweke kwenye simu ukiwa ndani ya taksi. Halafu Dilemme. Halafu Gore yote kwa mpangilio wake, ni fupi.

Binti yangu ana miaka 13 na Dilemme anaujua wote kwa moyo. Mwezi uliopita alikuwa anauimba akiosha vyombo, akaniuliza kwa nini dada huyu aliondoka Lubumbashi, kumbe ni nyumbani kwao. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi hapa, pamoja na ule mwiko na yale mahindi. Akazima bomba, akaniuliza yule mtoto aliyelala kwetu alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia jina lake, lile la kweli, si lile la Kolwezi.